Kuunganisha Kompyuta na Mtandao wa Chuo kwa Modemu ya Simu

Modemu za simu bado zipo. Zimelala kwenye makasha katika stoo za vyuo, kwenye maduka ya vifaa vya mtumba, na kwenye kabati za walimu waliosomea kompyuta miaka ya 1990. Kilichopotea ni mahali pa kupiga. Kampuni ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya simu tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo mtu anayetaka kuiona modemu ikifanya kazi leo inabidi atengeneze pande zote mbili mwenyewe: anayepiga na anayepokea. Chuo chenye swichibodi yake ya simu za ndani kinafaa sana kwa kazi hiyo. Simu ya kutoka jengo moja hadi jingine hailipiwi, na laini zote ziko chini ya fundi mmoja unayeweza kumfuata ofisini.

Mwongozo huu ni wako wewe fundi wa maabara, mwalimu wa mitandao, au mwanafunzi mwenye idhini ya chuo. Sababu yangu ya kuuandika ni mafunzo. Mwanafunzi anayejifunza mitandao kwa Wi-Fi anaona alama ya mawimbi kwenye kioo, basi. Ikikataa, anazima na kuwasha. Modemu inamwekea kila hatua wazi: waya, mlio, mazungumzo ya modemu mbili, nenosiri, anwani, majina. Kila hatua ina kipimo chake, na kanuni ya kazi nzima ni moja: usiende hatua inayofuata kabla uliyopo haijakujibu. Anayeruka hatua anaweza kuhangaika na nenosiri kutwa nzima, kumbe tatizo ni waya ulioliwa na kutu.

Vyuo vyetu si wageni wa jambo hili. Barua pepe ziliingia Afrika Mashariki kwa njia hiihii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao wa kompyuta zilizopigiana simu, kilichoitwa MUKLA, na mradi wa ESANET ulikuwa ukiunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Kompyuta moja iliipigia nyingine, ikakabidhi mzigo wa barua, ikachukua wa kwake, ikakata. Kule Lusaka, Chuo Kikuu cha Zambia kilibadilishana barua kwa simu na Chuo Kikuu cha Rhodes cha Afrika Kusini kabla mtoa huduma wa intaneti ZAMNET hajaanza mwaka 1994.

Laini kwanza

Unahitaji namba mbili za ndani, na zote ziwe za analogi. Hapa usikisie. Swichibodi nyingi za vyuo zina poti za aina mbili: za analogi kwa simu za kawaida, na za dijitali kwa zile simu kubwa zenye kioo na vitufe vingi anazotumia katibu muhtasi. Soketi za ukutani zinafanana na kichwa cha waya ni kilekile. Lakini modemu ikichomekwa kwenye poti ya dijitali inaweza kuungua palepale, kwa sababu umeme wa laini hiyo si ule iliyotengenezewa. Ukiona soketi ilikuwa na simu ya vitufe vingi, iache, umwite fundi simu akuhakikishie.

Ukishapewa laini, chomeka simu ya kawaida uisikilize kwa makini. Mlio wa laini uje mara moja, ulio safi. Kisha bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, usikilize ukimya uliobaki. Hapo ndipo laini inapojisema ilivyo. Mvumo mzito wa umeme mara nyingi unatokana na waya wa simu uliolazwa sambamba na waya wa taa. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka ni dalili ya kiungo kilicholegea au kilichoota kutu, na kwenye majengo ya pwani yenye hewa ya chumvi hilo ni la kutazamia. Fungua soketi, kata ncha za waya zilizobadilika rangi, menya upya, funga vizuri. Kwenye kichwa cha RJ-11 kinachotumika ni nyaya mbili za katikati. Usizishike wazi kwa mikono: simu inapolia, laini hubeba umeme unaoweza kukaribia volti 90.

Ondoa simu nyingine zote zilizounganishwa kwenye laini hiyohiyo. Mtu akiinua mkono wa simu katika chumba cha pili, mawasiliano yanakatika. Mwombe pia opereta aondoe kwenye namba zako mbili ule mlio unaomjulisha mtu kwamba simu nyingine inasubiri, maana modemu huuona kama kelele.

Kama chuo kimeshahamia simu za IP, kazi inakuwa ngumu zaidi lakini haishindikani. Utahitaji kifaa kinachogeuza laini ya IP kuwa ya analogi, kiwekwe kwenye kodeki ya G.711, na vipengele vya kufuta mwangwi na kubana ukimya vizimwe. Usitarajie kasi kubwa. Hapo ni busara kuibana modemu tangu mwanzo kwa amri ya AT+MS=V32B, inayoipeleka kwenye kiwango cha zamani cha biti 14,400 kwa sekunde. Simu ya mkononi usiijaribu kabisa. Mitambo yake hubana sauti kwa namna inayohifadhi maneno ya binadamu, na milio ya modemu haitoki salama humo.

Modemu kwa modemu

Chagua modemu za nje, zenye taa mbele na adapta yake ya umeme. Zile kadi za ndani za bei nafuu za mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingi ni nusu modemu: kazi kubwa iliachiwa Windows na dereva wake, na dereva huyo leo humpati. Modemu ya nje ya siriali itahitaji kebo ya RS-232, na kwa kompyuta isiyo na poti hiyo, kigeuzi cha USB. Kwenye Linux kigeuzi huonekana kwa jina la /dev/ttyUSB0. Modemu ya USB iliyo kamili huonekana kama /dev/ttyACM0.

Fungua programu ya kuongea na poti: minicom kwenye Linux, PuTTY kwenye Windows. Weka kasi ya poti 115200, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimamisha, na udhibiti wa mtiririko uwe wa maunzi, yaani ule wa RTS/CTS. Wengi huweka kasi ya poti sawa na kasi ya modemu wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Sivyo. Modemu hubana data kwa V.42bis kabla ya kuituma, kwa hiyo kompyuta inapaswa kuimwagia data upesi kuliko laini inavyoibeba, halafu RTS/CTS ndiyo iseme ngoja na endelea. Kama kompyuta ni ya zamani sana, yenye chipu ya siriali ya kabla ya 16550A, shusha hadi 19200 au 38400. Chipu hizo zina nafasi ya baiti moja tu ya kusubiria, na data hupotea.

Andika AT, bonyeza Enter. Modemu ikijibu OK, nusu ya wasiwasi imekwisha. Isipojibu, tatizo liko kati ya kompyuta na modemu. Laini ya simu haijahusika bado, usiiguse. Angalia jina la poti, angalia kebo, angalia kama una ruhusa ya kuifungua poti hiyo (kwenye Debian mtumiaji anapaswa kuwa katika kundi la dialout).

Baada ya OK, andika amri hizi kwa modemu zote mbili:

AT&F
ATX3

Ya kwanza inairudisha modemu kwenye hali ya kiwandani. Ya pili inaiambia isisubiri mlio wa laini kabla ya kupiga, na hiyo ni muhimu kwenye swichibodi. Mlio wa swichibodi mara nyingi si ule modemu iliofundishwa kuutambua, nayo hukataa kwa kusema NO DIALTONE wakati wewe mlio unausikia kwa masikio yako.

Sasa upande mmoja, tuseme namba 203, andika ATDT204. Upande wa pili litatokea neno RING, andika ATA.

Na hapa nakuomba usizime spika. Hizo sekunde ishirini au thelathini za kelele ndizo somo lenyewe, na mwanafunzi akielezwa anachokisikia hatakisahau. Mpokeaji ndiye anayeanza, kwa mlio mrefu ulionyooka wa hertzi 2100, wenye kukatwakatwa kidogo kila baada ya muda usiofika nusu sekunde. Huo unaviambia vifaa vya njiani vya kuzuia mwangwi vijitoe, kwa sababu modemu zote mbili zitazungumza kwa pamoja. Kisha zinabadilishana milio mifupi, kila moja ikitaja viwango inavyovijua. Halafu unakuja msururu wa toni nyingi kwa pamoja: hapo zinapima laini, masafa gani yanapita vizuri na yapi yamefifia. Mwisho ni ule mvumo kama wa mvua juu ya bati, ambao ni data iliyovurugwa kwa makusudi ili kila modemu irekebishe masikio yake. Spika inanyamaza, na kwenye kioo linatokea neno CONNECT na namba.

Andika chochote upande mmoja, kitatokea upande wa pili. Hakuna intaneti hapo, hakuna anwani, hakuna nenosiri; ni herufi zinazopita kwenye waya wa simu. Waache wanafunzi waandikiane kidogo. Kukata, tulia sekunde moja, andika +++ bila Enter, tulia tena sekunde moja, ikija OK andika ATH.

Kasi ya laini utakayoipata baada ya CONNECT haitazidi 33600, hata kama kasha limeandikwa 56K kwa herufi kubwa. Usipoteze muda kutafuta kosa. Swichibodi hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuigeuza kuwa tarakimu, na kila mgeuzo kutoka analogi unaacha kelele kidogo. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kilifika 56K kwa kuuondoa mgeuzo mmoja: upande wa mtoa huduma ulifungwa moja kwa moja kwenye laini ya dijitali. Wewe una modemu mbili za analogi, kwa hiyo kikomo chako ni kiwango cha V.34, yaani hiyo 33600. Ukipata 28800 na isiyokatika, shukuru. Ukipata 9600 au 14400, rudi kwenye waya.

Upande wa chuo

Kompyuta itakayopokea simu iwe na Linux na waya wa mtandao wa chuo. Hata Raspberry Pi inatosha. Kabla ya kuigusa, mwone afisa TEHAMA. Unamwomba mambo matatu: idhini ya maandishi, anwani moja ya IP kwa ajili ya mpigaji ambayo seva ya DHCP haitaigawa kwa mwingine, na anwani ya seva ya majina. Anwani hiyo ya mpigaji iwe katika kundi moja na anwani ya kompyuta yako, la sivyo itabidi waongeze njia kwenye ruta ya chuo, na hilo ni ombi kubwa zaidi.

Weka programu mbili: pppd, na mgetty iliyoandikwa na Gert Doering. Mgetty ndiye bawabu. Inaikalia poti, inasikia RING, inajibu yenyewe, na ikiona anayepiga anaongea PPP, itifaki ya kupitisha mtandao kwenye laini ya simu, inamkabidhi kwa pppd. Usiiweke modemu katika hali ya kujipokelea simu kwa S0=1, maana mgetty inataka kuinua simu kwa mkono wake. Katika faili la /etc/mgetty/login.config hakikisha upo mstari huu:

/AutoPPP/ - a_ppp /usr/sbin/pppd file /etc/ppp/options.server

Na ndani ya /etc/ppp/options.server, ikiwa kompyuta yako ni 10.20.30.5, mpigaji amepewa 10.20.30.200 na seva ya majina ni 10.20.1.2, andika:

10.20.30.5:10.20.30.200
ms-dns 10.20.1.2
require-chap
proxyarp
crtscts
modem
lock
idle 600
lcp-echo-interval 30
lcp-echo-failure 4

Mstari wa proxyarp unaifanya kompyuta yako iitikie kwa niaba ya mpigaji kwenye mtandao wa chuo. Bila huo, pakiti zake zitatoka lakini majibu hayatajua pa kurudi. Ule wa idle unakata simu baada ya dakika kumi za ukimya. Miwili ya mwisho inagundua kama upande wa pili umekufa bila kuaga, jambo ambalo umeme ukikatika hutokea. Na require-chap usiifute kwa kutafuta wepesi. Njia ya zamani ya PAP hupitisha nenosiri wazi kwenye laini; CHAP hutoa fumbo, mpigaji analijibu, na nenosiri lenyewe halisafiri.

Majina na manenosiri yanakaa /etc/ppp/chap-secrets, mstari mmoja kwa kila mtu:

asha * "nenosiri-refu-hapa" 10.20.30.200

Faili hilo lisomwe na root peke yake. Mwisho, ruhusu kompyuta kupitisha pakiti za wengine kwa kuweka net.ipv4.ip_forward=1, kisha iwashe mgetty kama huduma ya mfumo.

Upande wa mpigaji

Ukitumia Windows ya zamani, fungua mahali pa kuunda muunganisho wa simu, chagua modemu, weka namba 204, jina na nenosiri. Kwenye sifa za muunganisho acha TCP/IP peke yake. Itifaki nyingine zilizowekewa alama zinachelewesha tu. Anwani na seva ya majina viachwe vitolewe na seva. Kwenye Debian, faili la /etc/ppp/peers/chuo linatosha kuwa hivi:

/dev/ttyUSB0 115200
crtscts
connect '/usr/sbin/chat -v -f /etc/ppp/chat-chuo'
user asha
noauth
defaultroute
usepeerdns

Na /etc/ppp/chat-chuo:

ABORT BUSY
ABORT 'NO CARRIER'
TIMEOUT 60
'' AT&F
OK ATX3
OK ATDT204
CONNECT \c

Nenosiri nalo liwekwe kwenye chap-secrets ya kompyuta hii. Kupiga ni pon chuo, kukata ni poff chuo. Ukilazimika kutumia laini ya nje inayotangulizwa na 9, andika ATDT9, (pamoja na mkato wake) halafu namba. Mkato huo humaanisha subiri sekunde mbili.

Zima Wi-Fi kabla ya kupiga. Wengi hufurahi kwamba modemu imeshika, kurasa zinafunguka upesi ajabu, kumbe kila kitu kinapita hewani: pppd haiondoi njia kuu iliyokwisha kuwapo. Kisha pima kwa mpangilio. Kwanza ping 10.20.30.5, seva yenyewe. Jibu litachukua milisekunde mia na kitu au mia mbili, na hizo ni za kawaida kwa modemu. Halafu kompyuta nyingine yoyote ya chuo kwa namba. Halafu kwa jina. Namba ikijibu na jina likikataa, kosa liko kwenye seva ya majina. Seva ikijibu na wengine wakakaa kimya, rudi kwenye proxyarp na ip_forward.

Ikikataa

Soma neno ambalo modemu yenyewe imelitoa. BUSY ni namba inatumika, au modemu ya pili haikukata vizuri mara iliyopita; izime uiwashe. NO CARRIER baada ya kelele ndefu ni laini mbaya au modemu zisizoelewana, na dawa ni kushusha kasi. NO CARRIER pasipo kelele yoyote ni kwamba hakuna aliyepokea: nenda uangalie kama mgetty ipo hai.

Kosa linalochanganya zaidi ni hili: modemu zinashika, CONNECT inatokea, halafu baada ya nusu dakika simu inakatika. Hesabu muda huo. Pppd hutuma ombi la kwanza mara kumi, kila baada ya sekunde tatu, na isipojibiwa inakata tamaa. Kwa hiyo ikikatika kwenye sekunde ya thelathini, modemu zako hazina kosa. Pppd ya upande mmoja haisikiwi na ya pili. Mara nyingi mstari wa AutoPPP umeandikwa vibaya au umefungwa kwa alama ya reli mwanzoni. Ikikatika ndani ya sekunde chache tu, tazama nenosiri. Kumbukumbu za mgetty kwenye Debian ziko /var/log/mgetty, na za pppd ziko kwenye kumbukumbu za mfumo. Zisome zote mbili, za pande zote mbili.

Muunganisho ukishafanya kazi, utumie kwa kile unachokiweza. Kwa 33600 unapata takriban kilobaiti nne kwa sekunde: megabaiti moja inachukua kama dakika nne. Barua pepe za maandishi, ssh, katalogi ya maktaba isiyo na picha, vyote vinakwenda bila shida. Kurasa za leo zenye megabaiti kadhaa zitakuchosha. Na kompyuta ya Windows 98 hata hazitaifungukia, kwa sababu kivinjari chake hakijui usimbaji unaotakiwa sasa. Hilo usiilaumu modemu.

Kumbuka pia kwamba umefungua mlango ndani ya uzio wa chuo, nyuma ya fayawoli. Namba 204 isiweze kupigwa kutoka nje. Mwombe opereta aifunge kwa simu za ndani tu. Pitia kumbukumbu kila wiki uone nani alipiga na saa ngapi. Baada ya kipindi, zima umeme wa modemu. Kando yake bandika karatasi yenye namba ya laini, anwani mbili za IP, kasi mliyoipata siku laini ilipokuwa nzima, na jina la ofisi iliyotoa idhini, ili fundi atakayekuja baada yako asiichomoe akidhani ni takataka, na siku kasi ikishuka ajue aanzie kwenye waya gani.